Duka la spea za Subaru, Nakuru: Anti hakuuzii hadi akuhoji

Sisi wenye Subaru za tabo (pampu inayosukuma hewa zaidi kwenye injini) hapa Nakuru swali letu ni moja: spea nitoe wapi? Kwa sasa jibu langu ni kaduka kadogo upande wa viwandani, kenye injini za Subaru aina ya EJ20 zilizopangwa kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Wanauza mitumba ya Japani, na vipya kidogo, hasa shoki za KYB.

Nilikuwa natafuta breki. Subaru Forester yangu, modeli ya SG5, imeongezewa nguvu, na mteremko wa Sachangwan kuelekea Salgaa hauna huruma. Lori linatambaa mbele yako, unakanyaga na kukanyaga, mwishowe pedali inakuwa laini chini ya mguu. Nilitaka kaliper (vyuma vinavyobana diski ya breki) za kampuni ya Brembo, zile za rangi ya dhahabu zinazotoka kwenye STI, Subaru ya michezo. Mwenye duka ni mama wa makamo, wateja wote humwita Anti.

“Kijana wangu, rimu zako ni inchi ngapi?”

“16, Anti.”

Akakataa kuniuzia. Brembo hizo zinakwenda na diski ya milimita 326, na zinataka rimu ya 17 kwenda juu. Ningelipia kaliper, kisha rimu, kisha tairi nne. Akatoa kaliper za Subaru zenyewe, za pistoni 4, zinazotumia diski ya milimita 294. Hata hapo aliniambia nikavue rimu moja nije nayo tupime, kwa kuwa kuna rimu za 16 ambazo spoku zake hugusa kaliper.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi alivyozikagua. Alikunja mpira wa kuzuia vumbi kwa kidole gumba, pistoni moja baada ya nyingine, akitafuta kutu. Moja ilikuwa na vidoa vidogo kama tundu za sindano. Kaliper hiyo akaiweka kando, akafungua nyingine. Kisha akanionyesha ya kulia na ya kushoto: nipu ya kutolea upepo lazima iwe juu. Fundi akizibadilisha pande, hewa inabaki ndani na utatoa upepo hadi jioni bila pedali kusimama. Mafuta ya breki yakichemka ndipo pedali hulegea, kwa hiyo alinipa ya daraja la DOT 4, ambayo yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu kiwango hushuka hadi 155, kwa hiyo chupa iliyokaa wazi yeye haiuzi.

Sasa nashuka Sachangwan na pedali iko palepale.

Nikiwa pale kijana mmoja alitaka vali ya tabo inayopuliza hewa nje kwa kelele. Anti akamweleza kwamba sensa ya Subaru huhesabu hewa kabla haijafika kwenye tabo. Ukiitupa nje, kompyuta bado inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo tena, na kila ukibadilisha gia gari linakohoa moshi mweusi. Akamuuzia vali inayorudisha hewa ndani, ya bei nafuu kuliko aliyoitaka. Ni maduka machache yangefanya hivyo, na kwangu hilo lina uzito kuliko punguzo lolote.

Kuna mambo ya kurekebisha. Bei haziandikwi popote, na kaliper zangu mbili na diski zake zilinigharimu Sh32,000 baada ya kuzungumza sana. Risiti lazima uombe. Vitu vya umeme havirudishwi, hata kama hujavifunga. Hawana fundi wao pia, kwa hiyo njoo na wako. Jumamosi msongamano ni mkubwa, Anti hapati nafasi ya kukusikiliza vizuri. Nenda asubuhi siku ya kazi. Kabla hujaondoka nyumbani fungua boneti, upige picha kibati kilicho juu ya maunti ya shoki, chenye nambari ya chesisi na msimbo wa modeli. Bila hicho atakurudisha ukakilete.