Barkodi ya DNA kwa wadudu wa majini: uzoefu wangu na sampuli za Mwanza

Nyota nne kati ya tano. Barkodi ya DNA ni kumtambua mdudu kwa kipande kifupi cha DNA yake, na huduma hii ni ya kulipia kwa sahani yenye vishimo 96: unajaza 95 kwa vipande vya wadudu, kimoja kinabaki kitupu ili uchafuzi ukiingia uonekane. Maabara inatoa DNA, inazidisha kipande chenye herufi 658 cha COI, jeni ya mitokondria, kisha inakutumia mfuatano wa herufi hizo.

Pesa nyingi hupotea kabla sahani haijaondoka Mwanza, na chanzo ni ethanoli. Tumia ya asilimia 95 au zaidi, chupa isijae wadudu, na uimwage na kuweka mpya baada ya saa 24, kwa sababu maji ya miili yao huizimua. Buu mnene wa kereng'ende anazimua kuliko unavyodhani. Formalini sahau kabisa. Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya chupa. Wino wa kalamu unayeyuka, unabaki na karatasi nyeupe na wadudu wasio na kwao.

Kwa kereng'ende, mguu mmoja unatosha. Nyama nyingi si faida, maana huja na vitu vinavyozuia PCR, yaani kule kuzidisha DNA. Kwa kironomidi, wale mabuu wekundu wa kwenye tope la mto Mirongo, piga picha kwanza, kata pingili za katikati, kichwa kihifadhi: meno yake ndiyo utakayoyarudia kwenye hadubini majibu yakitatanisha. Kila baada ya mdudu mmoja, kibanio kichovye kwenye ethanoli na kukipitisha motoni. Ukiruka hatua hii, vishimo viwili jirani vitakuja na mfuatano mmoja.

Nyota niliyoikata ni ya mafaili. Walituma mfuatano uliokwisha kusafishwa, bila michoro ya vilele ambayo mashine huchora ikisoma kila herufi, nikalazimika kuidai mara mbili. Bila michoro hiyo huwezi kuona vilele viwili mahali pamoja, dalili ya mchanganyiko au ya nakala bandia ya jeni iliyojificha kwenye kiini cha seli. Mwenyewe tafsiri mfuatano kuwa protini kwa kanuni ya mitokondria ya wanyama wasio na uti wa mgongo. Ikitokea kodoni ya kikomo, yaani alama ya kusimamisha protini, katikati, utupe mfuatano huo. Na vishimo vya kundi moja vikigoma kwa pamoja, usilaumu sampuli haraka. Huenda praima za kawaida (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha uzidishaji), LCO1490 na HCO2198, hazishiki hapo. Omba jozi nyingine.

Majina? Punguza matumaini. Kwenye BOLD, hifadhidata ya kimataifa ya barkodi za DNA, mfanano wa asilimia 98 na kuendelea ni wa kuchukuliwa kwa uzito. Wadudu wa Afrika bado ni wachache humo, kwa hiyo utapata asilimia 88 na mdudu wa bara lingine. Hapo andika familia, uishie hapo. Namba ya BIN, ambayo BOLD hulipa kila kundi la mifuatano inayofanana, bado ina kazi: ndiyo iliyoniunganishia buu wa topeni na mpevu wa kwenye yale mawingu ya wadudu yanayofuata taa za Kirumba, hapo Mwanza, usiku. Kwa macho, nisingethubutu.

Kabla ya kusafirisha nje, kibali kwanza, na kumbuka ethanoli ni kitu cha kuwaka. Shirika la ndege litakuuliza.

Kama unapima afya ya mto kwa TARISS, mfumo wa Tanzania wa kuipa mito alama kwa wadudu na viumbe wengine wadogo waliomo, usinunue. Alama zake ni za familia, na trei nyeupe na lenzi ya mkono vinatosha.