Semina ya sheria za kaboni, Kinondoni: 120,000 yangu imeenda wapi

Mjomba wangu ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji huko Lindi. Mwezi uliopita alinitumia WhatsApp picha 14 za mkataba wa biashara ya kaboni, nyingine zimezibwa nusu na kidole gumba chake, akaandika: "Wewe uko mjini, tusomee." Mimi ni karani wa stoo ya vipuri, kaboni naijua ya kwenye plagi tu. Nikalipa 120,000 kuingia semina ya siku moja.

Tangazo lilisema saa mbili kamili, tukaanza saa nne kasoro. Kiyoyozi kama friji ya samaki. Chai ikaja na andazi moja na sambusa moja kwa kichwa, mhudumu kasimama anahesabu. Tuyaache hayo.

Mwezeshaji wa asubuhi ndiye aliyeiokoa hela yangu. Mzee wa makamo, hana haraka. Hakuanza na mikataba ya dunia ya tabianchi, Kyoto ya 1997 wala Paris ya 2015, alianza na dampo la Mtoni! Sisi wa Mbagala tulipita pale miaka na miaka tumeziba pua, kumbe gesi yake ilishasajiliwa kama mradi chini ya utaratibu wa Kyoto. Takataka zikioza hutoa methani, na tani moja ya methani hupasha dunia joto kama tani 28 hivi za hewa ukaa kwa hesabu ya miaka 100. Ukiivuta kwa mabomba ukaichoma, inabaki hewa ukaa. Madhara uliyoyapunguza ndiyo unayouza, cheti kimoja kwa tani moja.

Akauliza, nani ananunua? Ukumbi kimya. Ndipo akatupeleka Ulaya: tangu 2005 viwanda vikubwa kule vina kikomo cha moshi, kibali kimoja kwa tani, na anayetoa moshi mwingi kuliko vibali alivyowasilisha anapigwa faini ya kuanzia euro 100 kwa tani, halafu vibali vilivyopungua bado anadaiwa. Lakini vyeti vya misitu, yaani vya kutunza miti inayofyonza hewa ukaa, haviingii soko lile. Vya vijiji kwa kawaida huchukuliwa na kampuni zinazonunua kwa hiari, na bei yake ni nyingine kabisa. Hapo nikamkumbuka mjomba, ambaye wageni wake, wale wenye mkataba, walimtajia bei ya Ulaya kwenye kikao!

Baada ya chakula mambo yakaharibika. Mwezeshaji wa pili alitusomea slaidi za Kiingereza neno kwa neno, tukagawiwa nakala ya kanuni zetu za biashara ya kaboni za 2022. Dada mmoja wa nyuma, nadhani wakili, akauliza marekebisho ya 2023 yako wapi. Jibu: "Yatakuja kwa barua pepe." Semina ya sheria, jamani! Ni kuuziwa kalenda ya mwaka juzi.

Wakati wa soda nilimfuata yule mzee na simu yangu. Akakuza picha ya tisa, akaweka kidole: kijiji kitapata "asilimia 60 ya faida halisi".

"Faida baada ya kutoa gharama zipi? Anazihesabu nani?"

Sikuwa na jibu. Akachukua leso ya karatasi, akaandika: mauzo milioni 100, gharama milioni 90, asilimia 60 ya kilichobaki ni milioni sita. Akaniuliza pia kama wageni wana barua ya Ofisi ya Makamu wa Rais, inayoshughulikia mazingira, na kama mradi unajulikana kwenye kituo cha taifa cha kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kwenye picha zote 14 hakuna kitu kama hicho.

Nyota tatu, na zote ni za huyo mzee. Ukienda, beba sweta na mkataba wako, umwahi kabla ya chakula. Marekebisho ya 2023 yalinifikia siku ya nne, yameskaniwa kiupandeupande. Leso niliipiga picha nikamtumia mjomba, akaisoma kikaoni. Wageni wamesema orodha ya gharama wataileta baada ya Idi.