Siku nne za mbalamwezi kwenye poka ya video: jakipoti nimewaachia wenyewe

Kwa sisi tunaonunua dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, mbalamwezi ni likizo ya lazima. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, mitumbwi inavutwa nchi kavu, wavuvi wanashona nyavu na sisi wachuuzi tunabaki kuhesabu magunia. Ndizo siku mtu anatafuta pa kwenda jioni. Safari hii nilienda kwenye ukumbi mmoja wa michezo ya kubahatisha katikati ya mji (jina naliacha, maana nina malalamiko nao), nikakaa siku nne, saa mbili kila jioni, kwenye mashine za poka ya video. Nilibeba daftari langu la dagaa na kalamu. Dada wa mapokezi alicheka akaniuliza kama nimetumwa na TRA, wale wa kodi.

Sloti za matunda siziwezi. Unabonyeza, picha zinazunguka, umeliwa, na hakuna palipoandikwa ndani ya mashine mna nini. Poka ya video angalau inajieleza: karata ni 52, na jedwali la malipo liko mbele yako kabla hujaweka hata mia. Mwenye subira anaweza kuipigia hesabu mashine nzima. Hiyo ni ikiwa mashine inagawa kwa haki, bila shaka. Kule Nevada, Marekani, kanuni zinalazimisha kwamba karata zikionyeshwa kwenye skrini, nafasi ya kila karata kutoka iwe sawa na ya karata za mkononi. Mimi nilichoweza kufanya ni kuangalia kama leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha imebandikwa. Ipo, karibu na keshia, pamoja na bango la kuzuia walio chini ya miaka 18.

Mchezo ni mwepesi. Unapewa karata tano, unashika unazozitaka, nyingine zinabadilishwa mara moja tu, kisha unalipwa kwa jedwali. Mzunguko huo mmoja ndio tunauita mkono. Hakuna mpinzani wa kumtega, hakuna kukunja uso.

Ukumbi una mashine sita za aina hii na juu yake kuna kibao chekundu cha jakipoti ambacho namba zake zinapanda kila mtu anapocheza. Kilianzia 400,000, nilipoingia kilikuwa 530,000 na kitu. Kila anayeingia anaangalia kile kibao kwanza, na mimi nilikiangalia. Hiyo ni hela ya royo flashi: 10, J, Q, K na A, zote kopa, au zote uru, shupaza au pau. Ukicheza Jacks or Better, yaani poka ya video ya kawaida ambayo malipo yanaanzia jozi ya J, kwa ustadi, royo flashi inatoka wastani wa mara moja katika mikono 40,000 hivi. Mimi nilikuwa nacheza kama mikono 380 kwa saa. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya saa 100 za kukaa kwenye kile kiti. Na huo ni wastani, haina maana ukifikisha mikono 40,000 unakabidhiwa. Watu 100 wakicheza mikono hiyo kila mmoja, 37 hivi wataondoka bila kuiona hata mara moja.

Kwa hiyo macho yangu yakashuka kwenye jedwali, kwenye mistari miwili ambayo hakuna anayeiangalia: fulu hausi na flashi. Fulu hausi ni tatu za namba moja na mbili za namba nyingine, flashi ni tano za ua moja. Jacks or Better nzuri inalipa, kwa kila krediti uliyoweka, krediti 9 kwa fulu hausi na 6 kwa flashi, na ukiicheza bila kosa inarudisha asilimia 99.54 ya unachoweka. Ya pale ukumbini inalipa 8 na 5. Mtu ataona ni krediti moja moja tu, kitu gani hicho. Lakini kila mmoja wa mikono hiyo unatoka kama mara moja katika 90, hivyo kila krediti wanayokata pale inakula zaidi kidogo ya asilimia moja ya hela yako yote. Mashine ya 8 na 5 inarudisha 97.30. Ya 6 na 5, ambayo nimeikuta kwenye programu moja ya simu, inarudisha 95 tu.

Niiweke kwa shilingi, maana asilimia huwa zinadanganya macho. Krediti moja pale ni shilingi 100, mkono wa krediti tano ni 500. Tuseme mikono 400 kwa saa: ni 200,000 zinazopita mbele yako, hata kama mfukoni ulikuja na 30,000, kwa kuwa ni hela zilezile zinazunguka. Kwa mashine ya 9 na 6, saa hiyo inakugharimu wastani wa shilingi 920. Ya 8 na 5, shilingi 5,400. Ya 6 na 5, shilingi 10,000. Kiti kilekile, karata zilezile, kiyoyozi kilekile. Anayenunua dagaa bila kuangalia ujazo wa ndoo ndiye atakayesema tofauti hiyo ni ndogo.

Sasa mtu ataniambia, lakini jakipoti imepanda, si inafidia? Inafidia, ila ikifika mbali. Kwa mashine ya 8 na 5, royo flashi inatakiwa ilipe zaidi ya maradufu ya krediti 4,000 za kawaida (ndizo zile 400,000 kibao kilipoanzia) ndipo mchezaji asiyekosea awe sawa kwa sawa na ukumbi. Kwa pale ukumbini kibao kingekuwa 800,000 na bado ningekuwa nyuma. Kilikuwa 530,000.

Kosa nililoliona kwa watu wengi ni kuweka krediti moja au mbili "kujaribu". Ukiweka krediti moja, royo flashi inakulipa 250. Ukiweka tano inakulipa 4,000, yaani 800 kwa kila moja, na ile jakipoti ya kwenye kibao ni ya wanaoweka tano peke yao. Mwenye krediti moja anachangia ndoto ya mwenzake. Kama 500 kwa mkono ni nzito, bora utafute mashine ya krediti ya shilingi 50 uweke tano, kuliko kukaa kwenye hii na kuweka mbili.

Siku ya pili alikaa pembeni yangu mzee mmoja aliyevuka na feri ya Kamanga mchana, mkarimu, alininunulia soda. Nilipotaka kuhama mashine akanishika mkono.

"Mjomba, hiyo usiiache. Imeshiba tangu mchana, na ikishiba lazima itapike."

"Imeshiba za nani, mzee wangu?"

"Zangu."

Tulicheka wote. Sikubishana naye, umri wake hauruhusu, lakini karata zinachanganywa upya kila mkono. Mashine haina tumbo. Iliyokula tangu asubuhi na iliyotoka kulipa dakika hii zina nafasi ileile kwenye mkono unaofuata.

Siku ya tatu ndiyo nitakayoikumbuka. Nilipewa A ya kopa, kisha A, K, J na 10 za shupaza. Jozi ya A mbili tayari inalipa, inakurudishia ulichoweka, kama konda kukurudishia nauli gari likiharibika njiani. Mkono wenyewe unataka kuzishika zile A. Kichwa kinasema itupe A ya kopa ushike shupaza nne. Karata zilizobaki ni 47, na Q ya shupaza ni moja. Lakini zipo shupaza nyingine nane za kukupa flashi, Q tatu za kukupa mfululizo (karata tano zinazofuatana), na A, K, J nane za kukupa jozi. Ukijumlisha, shupaza nne zina thamani ya krediti 18 kwa kila moja uliyoweka, jozi ina moja na nusu. Nikaitupa A. Mzee akashika kiuno. Ikaja 7 ya pau.

Kwa dakika nzima hakuna aliyeongea. Halafu mzee akasema, "Ungezishika zile A." Na hapo ndipo ugumu wa mchezo huu ulipo: unaweza kufanya sahihi na ukaliwa mbele ya shahidi.

Mikono mingine ya kawaida haina tamthilia. Ukiwa na jozi ndogo, tuseme 6 mbili, pamoja na J moja, shika 6. Ukiwa na jozi, usiishike na A pembeni "kwa ajili ya ulinzi", tupa zote tatu. Karata nne za ua moja zinaishinda jozi ndogo, haziishindi jozi inayolipa. Zaidi ya nusu ya mikono yote hailipi chochote, hilo lizoee mapema.

Nilijaribu pia michezo mingine miwili ya kwenye menyu. Deuces Wild, ambapo kila 2 ni jokeri, yaani inasimama badala ya karata yoyote, ina sifa kubwa, na kweli toleo lake kamili linarudisha asilimia 100.76 kwa asiyekosea. Ila angalia mstari wa nne za namba moja. Toleo hilo linalipa 5. Pale ukumbini linalipa 4, na mistari mingine haikuongezwa kufidia. Krediti moja hiyo inakula zaidi kidogo ya asilimia 6, maana kwenye mchezo wenye jokeri nne mkono huo unatoka mara kwa mara. Jina ni lile, mchezo siyo ule. Nilitoka baada ya dakika kumi. Double Double Bonus ndiyo vijana wanaipenda, kwa sababu A nne pamoja na 2, 3 au 4 zinalipa krediti 2,000 ukiweka tano. Hela hiyo wameitoa wapi? Kwenye jozi mbili, ambayo inalipa 1 badala ya 2. Pochi inakauka haraka ukisubiri A zako. Kijana mmoja mbele yangu alimaliza 40,000 kabla hajamaliza chipsi zake.

Malalamiko yangu sasa. Kitufe cha kushika karata ya tatu kwenye mashine niliyokuwa nakaa kinanata. Unabonyeza, hakishiki, na usipotazama skrini kabla ya kugawa, karata imeenda. Nilipoteza jozi ya K hivyo, kisha tatu za 9. Nilimwita msimamizi, akabonyeza mara tano mpaka kikashika, akasema, "Umeona kaka, kinafanya kazi." Siku ya nne kilikuwa vilevile. Keshia naye ananilipa vizuri hela ndogo, ila zaidi ya 50,000 unasubiri mtu wa juu ashuke.

Daftari langu: mikono 3,040, zilizopita kwenye mashine ni 1,520,000, nimeliwa 67,500. Kwa hesabu ya jedwali nilitakiwa kuliwa kama 41,000, lakini karibu 30,000 za hesabu hiyo zimefungwa ndani ya royo flashi ambayo sikuipata, hivyo niko palepale nilipotakiwa kuwa. Viti vyao ni vizuri, soda ni ya baridi, mashine ni ya 8 na 5 yenye kitufe kibovu. Nawapa nyota mbili na nusu. Wakibadilisha jedwali liwe 9 na 6 na kutengeneza kitufe, nitarudi mbalamwezi ijayo na 20,000 ya kuchezea, kibao chekundu kiwe kimesimama popote.

Jioni ya tano mwezi ulichelewa kutoka. Saa mbili usiku taa za wavuvi zilishaanza kuonekana ziwani, na simu yangu ikaanza kuita: debe ngapi nataka asubuhi.