Kelele za tundu la hedifoni: isoleta au adapta ya USB?

Sauti ya laptopu ikitoka na kelele kwenye tundu la hedifoni, kwanza chomoa chaja. Laptopu ikiwa imeungwa kwenye amplifaya, tuseme ya kanisa pale Kondele, Kisumu, na muungurumo ukome, basi tatizo ni waya za ardhi za vifaa hivyo viwili kufanya mzunguko. Hapo mimi nachagua isoleta, kifaa kidogo kinachowekwa kwenye waya wa sauti kati ya laptopu na amplifaya: ndani mna transfoma ndogo zinazopitisha sauti kwa sumaku, bila nyaya kugusana. Za bei nafuu hupunguza besi kidogo, lakini mahubiri yatasikika safi.

Mvumo unaobaki kwenye hedifoni hata ukitumia betri pekee unatoka ndani ya laptopu, na isoleta haiutibu. Nunua adapta ya sauti ya USB, inayotengeneza sauti nje ya mashine. Ila nayo hutumia ardhi ileile ya laptopu, hivyo muungurumo wa amplifaya unaweza kuendelea.