Vijana wa Kanisa Wakija Kujenga Kando ya Sabaki: Kazi Yao Ikoje?

Huduma yenyewe ni hii. Kikundi cha vijana wa kanisa, watu kama 24, kinafika kwa siku sita wakati wa likizo ya shule. Wanalala darasani au kwenye mahema, na kuzijengea upya familia ambazo nyumba zao zilibomolewa na mafuriko ya Mto Sabaki, upande wa Malindi na Magarini, pwani ya Kenya. Hawatozi kitu. Mwenyeji anatoa kiwanja, maji na udongo. Wao wanaleta nguvu, sehemu ya vifaa na mafundi wawili. Wakubalini, lakini ratiba msiwaachie. Nguvu yao ni ya kweli, moyo wao pia, na nyumba zinasimama. Kinachoiangusha kazi ni zile siku sita, maana udongo haukauki kwa kalenda ya shule.

Mpango huo haukuzaliwa hapa. Baada ya kimbunga Katrina, Agosti 2005, vijana wa makanisa ya Marekani walikwenda New Orleans kundi baada ya kundi, na kazi kubwa ya wengi wao ilikuwa kutoa matope, kubandua kuta za jipsamu zilizolowa na kusugua ukungu kwenye mbao. Kazi ya namna hiyo asiye fundi anaonyeshwa asubuhi na mchana anaifanya, na kundi linalofuata linashika palepale lile la kwanza lilipoachia. Kwetu ni mambo mengine. Malindi iko digrii 3 tu kusini mwa ikweta, ambako ni nadra mno kimbunga kufika; hata Hidaya, Mei 2024, ilitua kisiwani Mafia, Tanzania. Kinachotubomolea sisi ni mto. Na ukuta wa udongo uliokaa majini siku tatu hausafishwi: udongo unaondoka, inabaki miti. Hapo unaanza ujenzi toka shimo la nguzo, na ujenzi una mahali pa kungoja.

Kabla ya jembe kugusa ardhi, tazameni mashina ya minazi na miembe. Maji ya Novemba 2023 na ya masika ya 2024 yaliacha mstari wa tope, na mahali pengi bado unasomeka. Ukipita goti, nyumba ihamishwe, hata kama mzee mwenye kiwanja anaumia kuacha mahali pa babake. Kwa hili kikundi kinastahili sifa: kilituma watu wawili kupima wiki moja kabla, kikakataa viwanja ambavyo kingeweza kujenga haraka na kupiga picha nzuri.

Nguzo ndipo vijana wanapong'ara. Nyumba ya futi 20 kwa 13 yenye ukuta mmoja wa ndani inataka miti ya kusimamisha kama 40, umbali wa sentimita 60 kati ya mti na mti, kila shimo futi mbili kwenda chini. Vijana 24 wenye mitaimbo wanamaliza mashimo yote kwa siku moja. Miti ya pembeni na ile inayobeba mwamba, yaani mti unaolazwa juu ya nguzo kubeba paa, iwe boriti za mkoko, zile nene. Ya katikati inatosha mazio, mikoko myembamba kuliko boriti. Mvinje ni rahisi kupatikana hapa Malindi na unafaa sana juu, kwenye makombamoyo, ile miti ya mteremko wa paa, ila ukiuchimbia ardhini mchwa wanaufikia mapema. Miti yote iambuliwe magome, la sivyo bungua, wadudu wanaotoboa mbao, wanakaa humo na unga unaanza kudondoka kabla ya mwaka. Mikoko inunuliwe kwa muuzaji mwenye karatasi za idara ya misitu.

Kosa lililorudiwa nyumba baada ya nyumba ni kufukia shimo mara moja na kukanyaga juu kwa viatu. Nguzo inaonekana imara siku hiyo, na mvua ya kwanza inailegeza. Jaza nusu futi, tia vipande vya mawe kuzunguka mti, shindilia kwa kichwa cha mtaimbo, ndipo ujaze tena. Kila tabaka lina timazi yake, kuhakikisha nguzo bado iko wima. Kosa la pili ni kutotia miti ya mshazari kwenye pembe. Bila mshazari nyumba inasimama vizuri mpaka upepo wa kusi uanze kuisukuma, halafu mlango unagoma kufunga na watu wanalaumu seremala.

Fito zinafungwa ndani na nje, safu kila sentimita 20. Kwa nyumba hiyo zinakwenda korija nane au tisa, yaani fito 160 hadi 180. Vijana wanapenda msumari kwa kuwa ni wa haraka, lakini mkoko mkavu ni mgumu na ufito unapasuka. Kamba ya usumba, yaani nyuzi za kumbi la nazi, au ya katani, iliyolowekwa kwanza, inakaza inapokauka. Waya nao unafaa, ingawa hewa ya chumvi inaula.

Sasa udongo, na hapa ndipo penye shida yote. Mafuriko yanaacha tope laini mlangoni, rahisi kuchota, na vijana wanalichota kwa furaha. Lina mchanga mwembamba mwingi na gundi kidogo. Ukuta wake unapendeza ukiwa mbichi, ukikauka unamomonyoka kwa kidole. Pima hivi: viringisha udongo uliolowa uwe fimbo ya unene wa sentimita 3, iweke mezani, isukume polepole ipite ukingo. Ikikatika kabla ya sentimita 5, udongo huo hauna gundi. Ikipita 15, gundi imezidi, ukuta utapasuka, ongeza mchanga. Kati ya hapo, kandika, yaani jaza ukuta kwa udongo huo. Kipimo hiki ni dakika mbili, na katika kazi hii hakikufanywa popote mpaka fundi wa kijijini alipolalamika.

Ukuta wa nyumba hiyo unakula udongo wa karibu mita 7 za ujazo, toroli zaidi ya mia moja. Uchanganywe na nyasi zilizokatwa urefu wa kidole, umwagiwe maji, ulale usiku mmoja, asubuhi ukanyagwe. Kwa kukanyaga, vijana hawana mpinzani: wanaimba, wanakanyaga, na mchanganyiko unatoka sawasawa kuliko wa kibarua anayekanyaga peke yake.

Tatizo ni kwamba walianza kukandika siku ya tatu, paa likiwa halijaezekwa. Sababu inaeleweka. Wanaojua kuezeka ni wachache, vijana 20 wamekaa chini, kiongozi anaona aibu watu kukaa bure. Lakini manyunyu ya usiku mmoja yanatosha kushusha kazi ya mchana mzima. Paa kwanza. Mikono iliyobaki ipewe choo, ambacho mara nyingi hakikumbukwi, au kuinua sakafu: futi moja na nusu ya kifusi kilichoshindiliwa kwa tabaka. Na sehemu ya chini ya ukuta, kiasi cha futi mbili, ijengwe kwa mawe ya kuchonga na saruji badala ya udongo, kwa sababu hata bila mafuriko, maji yanayodondoka toka makuti yanaruka na kuutafuna ukuta hapo hapo chini.

Tukifika kwenye paa, idadi ya makuti ndiyo inayosema ukweli. Kwa nyumba hii, paa likiwa na mwinamo wa digrii 45 na ukingo uliotoka nje futi mbili na nusu, hesabu ni makuti 800 hadi 900 ya urefu wa futi mbili na nusu, yakipandana kila sentimita 10. Nyumba mbili zilipewa kama 500. Kwa chini zinaonekana zimejaa, lakini safu zimeachana sentimita 15, na ukisimama ndani saa sita mchana unaona nuru ikichungulia. Mahali nuru inapopita, maji nayo yatapita. Mwinamo ukiwa mdogo ni vibaya zaidi: maji yanakaa, kuti linaoza. Familia iliyochagua mabati iombe geji 28 au 30. Ile ya 32 ni nyembamba na upepo wa bahari hauihurumii. Msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni, maji yanakopita.

Kuna jambo moja la nchi za vimbunga ambalo tungependa waliige kwa dhati. Baada ya kimbunga Andrew kubomoa kusini mwa Florida mwaka 1992, sheria za ujenzi huko zilikazwa, na msisitizo mmoja ni kwamba paa lifungwe na ukuta, ukuta ufungwe na msingi, bila kiungo kukatika. Kwetu maana yake ni kombamoyo lifungwe kwenye mwamba kwa waya uliokunjwa mara mbili, na mwamba ufungwe hivyo hivyo kwenye kila nguzo, badala ya kulazwa juu na kupigwa msumari mmoja. Kwa nyumba nzima ni nusu saa zaidi.

Chakula, malazi, nidhamu: hakuna lawama. Walipika wenyewe na hawakumaliza maji ya kisima cha kijiji. Viatu vya kufunika mguu na glavu havikutosha kwa wote, jambo la hatari kwenye tope lenye vioo na misumari, na kila mmoja angepaswa kuwa amechanjwa pepopunda kabla ya kuja. Kuoga mtoni kupigwe marufuku kabisa. Sabaki ina mamba na viboko.

Wakiuliza waje lini, jibu ni Agosti. Likizo ya Aprili inaangukia masika. Ile ya Novemba na Desemba inaweza kukutana na vuli. Agosti ina upepo wa kukausha, ingawa manyunyu hayakosi. Na kabla ya kukubali, wenyeji waombe ahadi moja iandikwe: kurudi. Mkandiko wa kwanza unapasuka ukikauka, na lazima upasuke. Unahitaji wiki mbili hivi kabla ya kupokea wa pili. Kikundi kiliondoka nyufa zikiwa bado hazijatokea, kikiamini kazi imekwisha. Safari hiyo ya pili haihitaji basi zima. Watu sita kwa siku mbili kila nyumba, karai nne, chekeche moja, udongo uliochekechwa na mchanga mwembamba kidogo zaidi ya mara ya kwanza. Nyufa zilowanishwe kwanza, zijazwe kwa kidole gumba mpaka ndani, kisha ukuta wote usiribwe, yaani upakwe tabaka laini la juu, kuanzia upande unaopigwa na kusi.