Uzoefu wangu na vipimo vya ukali wa apraksia ya usemi kwa watoto wadogo

Njia tatu ndizo ninazotumia kupima ukali wa apraksia ya usemi kwa watoto wa miaka 3 hadi 6, na hazilingani hata kidogo kwa manufaa. Apraksia hii si ulegevu wa misuli wala si ukaidi. Mtoto anajua anachotaka kusema, ila ubongo haupangi sawasawa mfuatano wa kuisogeza midomo, ulimi na taya. Hakuna mizani moja iliyokubaliwa na wote ya kugawa hafifu, wastani na kali, kwa hiyo neno "kali" kwenye ripoti halina maana mpaka uambiwe limepatikanaje.

Dodoso la ICS, yaani la kupima mtoto anaeleweka kiasi gani na watu mbalimbali, lina maswali 7 na mzazi hulimaliza upesi. Linauliza mtoto ameeleweka kiasi gani mwezi uliopita: na mzazi, watu wa nyumbani, jamaa, marafiki, wanaomfahamu, walimu, na wasiomjua kabisa. Kila jibu ni 1 hadi 5, kisha jumla inagawanywa kwa 7. Nalipenda, lakini msiishie kwenye wastani. Mtoto anayepata 5 kwa mama na 1 kwa wageni ana wakalimani nyumbani, na huyo ataumia siku ya kwanza ya shule. Kasoro yake ni kwamba haligusi chanzo: mtoto mwenye tatizo la kusikia anaweza kupata alama zilezile.

Ya pili ni asilimia ya konsonanti zilizotamkwa sawa, ambayo watafiti Shriberg na Kwiatkowski waliieleza mwaka 1982: zaidi ya 85 ni hafifu, 65 hadi 85 ni hafifu kuelekea wastani, 50 hadi 65 ni wastani kuelekea kali, chini ya 50 ni kali. Inavutia kwa sababu ni namba, na ndipo inapopotosha. Chukua neno "kitabu". Mtoto wa kwanza anasema "titabu" mara tatu. Wa pili anasema "tatabu", kisha "kibabu", kisha "kitapu". Kila jaribio lina konsonanti 2 sahihi kati ya 3, kwa hiyo wote wawili wanapata asilimia 67. Lakini wa kwanza ana kosa moja lenye utaratibu, wakati wa pili anayumba kila anapojaribu, na kuyumba huko ni mojawapo ya dalili kuu za apraksia. Vokali zilizopotoka hazihesabiwi. Mkazo nao hauhesabiwi: mtoto anayetamka ki, ta, bu kwa uzito sawa, kama anayehesabu, badala ya kukazia "ta", hapotezi hata alama moja.

Njia ninayoiamini ni tathmini ya kumsaidia mtoto huku ukimpima. DEMSS, kipimo cha usemi cha Edythe Strand na Rebecca McCauley kilichochapishwa 2019, kimejengwa hivyo. Orodha yake ni ya maneno ya Kiingereza, basi msiitafsiri, chukueni utaratibu. Nasema neno, mtoto anarudia. Akikosea, namwomba anitazame mdomo, nasema tena. Akikosea tena, tunasema pamoja polepole, tukivuta vokali bila kukatakata silabi, kwa sababu ukikata unaficha pale hasa anapokwama, yaani kutoka sauti moja kwenda nyingine. Bado? Naifunga midomo yake taratibu kwa vidole ili apate "b". Kisha naondoa msaada hatua kwa hatua. Mimi huandika "hafifu" akijirekebisha baada ya kuonyeshwa mara moja, "wastani" akihitaji kusema pamoja nami lakini akashikilia, na "kali" akipoteza neno la silabi mbili mara tu msaada unapopungua.

Anzeni na "mama", lakini msikomee hapo. Silabi zetu nyingi huishia na vokali, kwa hiyo maneno mafupi humpamba mtoto. Jaribuni "anakimbia" na "tutaondoka". Ugumu hujitokeza urefu unapoongezeka.

Ukikosea kiwango unakosea tiba. ReST, tiba ya usemi inayotumia maneno yasiyo na maana, ni ya miaka 4 hadi 12 na inafaa zaidi ukali ukiwa hafifu au wastani. Katika jaribio la mwaka 2015 ilitolewa saa moja, siku 4 kwa wiki, kwa wiki 3. Mtoto mwenye hali kali ukimpa hiyo atachoka bure. Anahitaji DTTC, tiba ya kusema pamoja na mtoto kisha kupunguza msaada taratibu: maneno machache, marudio mengi sana, na ubao wa picha wa kuwasiliana tangu mwanzo. Ubao hauzuii usemi, tafadhali wazazi msiukatae.

Chini ya miaka 3 naandika "inashukiwa", basi. Baada ya hapo narekodi maneno 10 yaleyale kila miezi mitatu, kila neno mara tatu, na kuandika msaada uliohitajika pembeni ya kila jaribio.