Leiza ya presha ya macho (SLT): maumivu yakoje na mimi nimeyatulizaje

Jamani leiza ya presha ya macho haiumi vile watu wanavyotishana huko mtaani. Mimi nimefanya ile ya SLT, yaani leiza ya kusaidia maji ya ndani ya jicho yatoke vizuri ili presha ishuke, macho yote. Unawekewa matone ya ganzi, unaegemeza kidevu kwenye mashine, daktari anakuwekea lenzi juu ya jicho halafu unaona mwanga wa kijani unapiga pa pa pa, unasikia kama unadonolewa kwa mbali, dakika chache imeisha. Baada ya hapo unasubiri kama saa moja upimwe presha tena, na nawaomba sana msiondoke kabla ya hicho kipimo hata kama foleni imewachosha, kwa sababu presha inaweza kupanda ghafla baada ya leiza.

Maumivu yanakuja ganzi ikiisha. Kwangu yaliuma chinichini juu ya nyusi, jicho jekundu, mwanga unachoma na jicho kama lina mchanga. Nikanywa Panadol mbili, nikaweka kitambaa cha maji baridi juu ya jicho nikiwa nimelifumba, miwani ya jua hata ndani ya nyumba, nikalala. Kulipokucha nafuu ilikuwa kubwa.

Kinachoniuma roho ni watu kukimbilia duka la dawa kununua matone ya "macho mekundu". Mengine yana steroidi kama deksamethasoni, na ukiyatumia kiholela kwa muda presha ya jicho inapanda, yaani unaharibu kilekile ulichokwenda kutibu! Kama daktari kakuandikia ya siku chache sawa, tumia hiyo, siku zikiisha acha.

Ila ulizia ni leiza gani unafanyiwa. Baba mdogo alipigwa ile ya diode, inayochoma sehemu inayotengeneza maji ya ndani ya jicho, hiyo ni habari nyingine kabisa, alichomwa sindano ya ganzi karibu na jicho na usiku Panadol peke yake haikumtosha, walimpa dawa kali zaidi na matone ya atropini ya kulipumzisha jicho.

Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au ukaona ukungu, duara za rangi kwenye taa, ukatapika, rudi hospitali usiku huohuo, usisubiri kliniki.

Kuhusu kama inafanya kazi, hospitali ya KCMC Moshi walilinganisha SLT na timolol (matone ya kushusha presha ya macho), matokeo yalitoka 2021: baada ya mwaka asilimia 61 ya macho ya leiza yalikuwa yamefanikiwa kudhibitiwa presha, ya timolol asilimia 31. Ndio kilichonishawishi. Lakini presha haishuki siku hiyohiyo, inachukua wiki kadhaa, kwa hiyo matone yako ya presha endelea nayo mpaka daktari mwenyewe akwambie acha. Na siku ya leiza nenda na mtu wa kukurudisha, usiendeshe gari wala bodaboda, utaona ukunguukungu kwa masaa.